Nguvu ya Baruti Hupimwaje?

Baruti ikiwa dhaifu, risasi haifiki; ikizidi kipimo, bunduki yaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Basi twauliza, nguvu yake yajulikanaje, na risasi haionekani ikienda? Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia yake. Alitundika ubao mzito mfano wa pembea, akaupiga risasi. Risasi ikazama ubaoni, pembea ikarudi nyuma ikivuta utepe. Kwa urefu wa utepe, na uzito wa risasi na wa pembea, akapata mwendo kwa hesabu. Risasi nyingine zilipita futi 1,600 kwa sekunde moja! Tena alipoisogeza bunduki mbali, mwendo ulipungua sana: hewa, ambayo sisi twaidhania si kitu, ndiyo iliyoizuia.