Aulizwe Nani Mahali pa Kuishi?

Muulize kijana wa Mji Mkongwe au wa Wete angependa kuishi wapi katika dunia hii, na jibu litakuja kabla swali halijakwisha: Maskati, Dubai, London. Hatumlaumu. Lakini mzazi wake, aliyekwisha kuchoshwa na joto la kaskazi, huenda akataja mahali pa karibu zaidi: Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako maji hushuka toka msituni yakiwa baridi. Ndoto hiyo si ngeni. Wajerumani walipotawala walijenga nyumba pale Morningside, juu ya mji, ili wapate kupumua.

Waluguru wenyewe hawakuupanda mlima kwa ajili ya mandhari. Wazee wao walitafuta mvua na ardhi, na aghalabu usalama. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita bondeni, na Stanley alipofika mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene umezungushiwa boma. Msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa misafara ile iliishia soko gani. Huko juu ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamke wa Matombo anaposema hapa ndipo kwetu, haoti. Anataja nyanya zake.

Wapo waliopata kudhani kwamba watu hao wataamuliwa namna ya kuishi kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni, kwa amri na kwa faini, eti kuokoa udongo. Kumbe udongo wa juu ni mwembamba, na jembe likafukua ule wa chini usiozaa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo wakakataa, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa.

Leo hoja ni maji. Mvua iletwayo na upepo wa bahari hii hii inayozizunguka Unguja na Pemba hugonga Uluguru, ikawa mto Ruvu, na toka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikafika mabombani Dar es Salaam. Mji unapokauka, lawama hupanda mlimani upesi, na husikika tena wazo la kuwateremsha wakulima. Kwamba msitu lazima ulindwe, hatuna ubishi. Mwaka 2008 ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 24,000, na anayeuchoma moto astahili adhabu. Lakini mkulima wa kabichi wa Mgeta, anayelilisha soko la Kariakoo, si mvamizi wa mlima. (Mwanawe, tukisema kweli, naye anaota kuishi huko huko Kariakoo, hilo ni shauri lake, hakuna aliyemwandikia barua.)

Katika miaka hiyo hiyo, huko Kibungo Juu, upande wa mashariki wa milima, ulijaribiwa mpango mwingine: wakulima walilipwa fedha, sehemu yake ikitoka kwa watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, ili wazuie mmomonyoko kwa matuta na kwa kupanda miti. Nao wakachimba. Yalikuwa matuta, kazi ile ile iliyokataliwa Matombo. Tofauti ni kwamba safari hii waliulizwa, wakalipwa, na wakabaki kwao.

Kwa hiyo ofisa anayetaka kuchora mpaka mpya hapana budi apande kwa miguu, akae na akina mama wenye ardhi, na azungumze nao bei ya maji kwanza. La kuhama, kama lipo, walitaje wao.