Maua ya tarumbeta: mazuri kwa lupango, sumu kwa kinywa

Jioni katika milima ya Masisi, harufu tamu inakufikia mbele ya kuona ua lenyewe. Ni ule muti wa maua marefu yanayoninginia sawa tarumbeta. Wataalamu wanauita brugmansia. Asili yake ni Amerika ya Kusini.

Kuupanda si kazi. Mvua ikianza, kata tawi lililokomaa, sentimeta 20 mpaka 30, ulichomeke kwenye udongo wenye mbolea. Unapenda maji. Baridi ya barafu inauua, lakini kwetu haifiki hapo. Kule Walikale kwenye joto, utafutie kivuli kidogo.

Lakini musikilize vizuri: jani, ua, mbegu, mzizi, vyote ni sumu. Mtu akila, kinywa kinakauka, mboni za macho zinapanuka, moyo unaenda mbio, anasema maneno yasiyoeleweka. Anaweza kufa.

Kwa hiyo:
- Usiupande karibu na zizi wala pale batoto wanachezea.
- Matawi uliyokata, usiyatupe kwenye majani ya ngombe na mbuzi. Yakichanganyika, mnyama hatachagua. Yafukie mbali.
- Usichomee nyama wala kukoroga chakula na kijiti chake.
- Ukimaliza kukata, nawa mikono mbele ya kugusa macho.

Mtu akila, musingoje, wala musimtapishe. Mumpeleke mbio kituo cha afya, pamoja na jani moja, muganga aone ni muti gani.

Ua libaki la macho na pua tu.