Je, Wajua? Kifundo Kinauma, Uvimbe Hauonekani

Je, wajua kwamba kifundo cha mkono kinaweza kuuma miezi na miezi kwa sababu ya uvimbe usioonekana wala kushikika? Ni kifuko kidogo chenye ute mzito kama jeli, kinachochipuka kwenye kiungo. Madaktari hukiita gangilioni. Si saratani, na hakigeuki kuwa saratani.

Je, wajua kwamba kilichojificha mara nyingi huuma kuliko kile kilichojitokeza kama gololi? Kimebanwa ndani kabisa, karibu na mshipa wa fahamu.

Wanawake hukipata zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40. Umri huo ndio wa kushika jembe. Hapa Ihanda, kama kwingineko Mbozi, mama anayepalilia mahindi na kuchuma kahawa akisema mkono unauma, huambiwa ni uchovu, utapita. Mimi nasema asikilizwe. Maumivu yasiyo na uvimbe ni maumivu vilevile.

Dalili yake? Uchungu katikati ya mgongo wa kifundo, hasa unapoegemea kiganja chini ili uinuke, au unaposukuma baiskeli yenye gunia. Ukikunja kifundo kuelekea chini, pengine kijinundu kitachungulia.

Je, wajua kwamba eksirei haikionyeshi? Picha hiyo huonyesha mifupa. Kinachokisaka ni altrasaundi, mashine ileile ya kumtazama mtoto tumboni, ikishikwa na mtaalamu aliyezoea viungo. MRI huona hata vilivyo vidogo sana, ila bei yake ni kubwa na hospitali zenye mashine hiyo ni chache.

Eksirei bado ina kazi yake. Aliyeanguka na bodaboda akajikinga kwa kiganja anaweza kuwa amevunja kamfupa kadogo upande wa kidole gumba, na ufa huo wakati mwingine hauonekani siku ya kwanza. Apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Na kifundo kinachovimba taratibu, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, kipimwe kifua kikuu. Ndiyo, TB huingia hata kwenye viungo.

Je, wajua kwamba takribani nusu ya vifuko hivi hupotea vyenyewe? Ndiyo maana daktari huanza na kupumzisha mkono, kuufunga kibao na kukupa dawa ya maumivu. Kuvuta ute kwa sindano husaidia, lakini zaidi ya nusu hurudi. Upasuaji huondoa kifuko pamoja na shina lake, na hapo huwa vigumu kurudi, ingawa hutokea.

Zamani huko Ulaya watu walikipasua kwa kukipiga na Biblia nzito! Usijaribu. Usichanje kwa wembe, usitoboe kwa sindano ya nyumbani. Kikiwa upande wa kiganja, mara nyingi hukaa ubavuni mwa mshipa wa damu uleule unaopimiwa mapigo ya moyo.

Maumivu yakizidi wiki chache, anza zahanati, uombe rufaa hadi hospitali ya mkoa. Likishindikana hapo, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Ukifika, weka kidole pale panapouma na useme waziwazi: "Daktari, ni hapa, ingawa hapajavimba."