Shamba Hili Ni la Kazi Gani?



Leo twataka kuzungumza juu ya shabaha za maisha, yaani mambo ambayo mtu ameamua kuyatanguliza mbele ya mengine. Ni rahisi kulizungumza jambo hili kwa maneno makubwa lisimguse mtu yeyote. Basi tutalizungumza kwa habari ya shamba, maana kwetu Kajiado shabaha ya mtu hujulikana siku mnunuzi anapobisha hodi.

Wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Kwa sheria ya mwaka 1968, ndugu zetu Wamaasai waliandikishiwa ardhi kwa pamoja katika ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake. Baadaye viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje vikajengwa jirani, Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na kituo kidogo cha biashara kwenye barabara ya Namanga kikawa mji. Madalali wakaanza kutembea boma kwa boma.

Zamani mtu hakuhitaji kuuliza ardhi ni ya kazi gani. Ilikuwa ya malisho, na wote walijua. Ilipogawanywa, kila mwenye hati alipaswa kulijibu swali hilo mwenyewe, na wengi hawakulijibu. Dalali akawajibia. Tumeona baba akiuza ekari kumi kwanza, ndipo akaketi kufikiri fedha zifanye nini. Nazo fedha zisizopangiwa kazi hujipatia kazi upesi, hasa mjini siku ya Jumamosi.

Hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Yuko aliyeuza kipande ili mtoto atibiwe, na alifanya vema. Lakini yeye alianza na haja, akaja kwenye bei.

Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, tunasoma habari za Nabothi. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, akaahidi kumpa jingine lililo bora, au fedha. Bei haikuwa mbaya! Nabothi hakuomba siku tatu za kufikiri, kwa kuwa alikwisha kujua shamba lile ni nini kwake: urithi wa baba zake. Tusifiche kwamba msimamo huo ulimgharimu maisha yake.

Tuseme basi baba na mama wamepatana kwamba ng'ombe ni wa kwanza, na elimu ya watoto ni ya pili. Hapo hesabu ngumu huanza. Mvua ya huku hainyeshi mahali pamoja, na ekari hamsini zilizozungushiwa ua haziwezi kulisha kundi wakati wa kiangazi. Ng'ombe huponea malisho yaliyo wazi, ya jirani na ya jirani wa jirani. Katika ukame wa 2008 na 2009 mifugo ilikufa kwa wingi katika wilaya yetu. Kwa hiyo aliyetanguliza mifugo hana budi kuzungumza na majirani kabla ua wa kwanza haujasimama, maana shabaha yake haiwezi kutimia ndani ya mipaka yake peke yake.

Na karo? Mwaka 2000 ulianzishwa mpango katika nyanda za Kitengela, kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako nyumbu na punda milia hutoka kwenda kutafuta malisho. Mwenye shamba aliyekubali kutouza wala kujenga ua alilipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka. Ukilinganisha na bei ya ploti, ni fedha za kuchekesha. Lakini zililipwa kwa awamu tatu, zikipangwa kufuata kufunguliwa kwa shule. Nyumba iliyojua kwamba inatafuta karo iliona faida: mtoto alisoma, na ardhi ikabaki. Nyumba isiyojua inatafuta nini iliona dola nne tu.

Wengine watauliza, tuanzie wapi? Anzeni wawili, mume na mke. Tangu mwaka 2012 sheria yataka idhini ya mwenzi kabla ya kuuza mali ya ndoa, na shamba la kilimo au malisho lahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi. Lakini mama akiitwa siku ya kutia sahihi tu, hajashauriwa, ametangaziwa. Ketini jioni, na watoto wakubwa wawepo. Andikeni mambo mnayoyataka kwa miaka kumi ijayo, kisha mpange lipi litangulie. Hapo ndipo mtakapobishana, na mbishane. Halafu ulizeni ni lipi lahitaji ardhi yenyewe, na ni lipi lahitaji fedha tu. Lile la fedha, je, ng'ombe dume wawili wakiuzwa mapema, kabla kiangazi hakijawakondesha, hawatatosha?

Karatasi hiyo iwekeni pamoja na hati ya shamba, katika sanduku lile lile, ili siku dalali atakapokuja na bei yake, anayekwenda kuichukua hati aikute karatasi juu.