Lubugo: nguo yenye rangi ya jua

MUHIMA, KIGALI. Mfanyabiashara anayepanda basi la Kampala katika kituo cha Nyabugogo, chini ya Muhima, mara nyingi huwaza vitenge na viatu. Ni wachache wanaowaza lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda wameitengeneza kwa karne nyingi.

Fundi huchuna gome la ndani wakati wa mvua, kisha huligonga kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka kama kitambaa. Likianikwa juani hugeuka hudhurungi yenye wekundu. Nguo za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi ili kuonyesha hadhi yao. Mti haukatwi, gome huota tena.

Rwanda nayo ilivaa impuzu, ya gome la umuvumu, kabla ya pamba kuenea. UNESCO iliitambua kazi ya Waganda mwaka 2005.

Kwa msafirishaji, njia ipo. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019, ulifunguliwa Januari 31, 2022. Mitumba nayo ina ushuru mzito: mwaka 2016 Rwanda iliupandisha kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa za ndani ya Jumuiya zilizomo kwenye orodha.

Basi kabla ya kulipa, muulize ofisa wa forodha kama lubugo imo. Na muuzaji muulize: rangi hii ni ya jua, au ya dukani?