Tchegera, Jazira ya Moto Ziwani Kivu

Mtu wa Katoyi ukimtajia volkano, aghalabu fikra yake haiendi kwenye mapumziko. Mtaa wake, ulio katika komini ya Karisimbi mjini Goma, umekaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na moto wa zama zilizopita, na mawe hayo ndiyo msingi wa nyumba yake ya mbao, ndiyo ukuta wa ua wake, na ndiyo yanayomlia viatu mtoto wake kila aendapo kuchota maji kwa bidoni. Tena watu wazima wa mji huu wangali wanaikumbuka tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ulipoteremka kutoka mlima Nyiragongo ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia ziwani, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ulipotoka tena ukakoma viungani, huko Buhene. Basi ukimwambia mtu huyo kwamba wako watu wapandao ndege kutoka nchi za mbali, wakatoa mali nyingi, ili walale juu ya mdomo wa volkano na kuona raha, atakucheka. Naye ana haki ya kucheka. Lakini mdomo wenyewe hauko mbali naye, kwani uko ziwani upande wa magharibi wa mji wake, mwendo wa mashua ya mota usiotimia saa moja.

Jina la mahali hapo ni Tchegera, jazira ndogo iliyo chini ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ile iliyoasisiwa mwaka 1925 ikawa ya kwanza ya namna yake barani Afrika. Umbo lake ni la mwezi mwandamo, na umbo hilo halikuja kwa bahati. Visiwa vya pwani kama Unguja na Mafia asili yao ni jiwe la matumbawe, lililojengwa na viumbe vya bahari polepole. Ama Tchegera ilizaliwa kwa kishindo, kama ilivyozaliwa kwa moto Ngazidja ya Komoro, ambayo mlima wake wa Karthala ungali hai hata leo. Uji wa moto ulipanda kutoka tumboni mwa ardhi, ukakutana na maji, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na nguvu ya mvuke huo ikarusha juu majivu na vipande vya miamba, ambavyo vilianguka pembeni vikafanya ukingo wa duara; kisha majivu yakagandamana yakawa jiwe, na kwa kuwa upande mmoja wa duara uko chini ya maji, ziwa likaingia ndani ya shimo na kulifanya bandari tulivu. Wala Tchegera si peke yake: kile kilima kiitwacho Mont Goma, karibu na bandari ya mji, na lile shimo la Lac Vert lililojaa maji ya kijani upande wa Mugunga, ni ndugu zake. Watu hupita hapo kila siku wasijue.

Na ziwa lenyewe ni kazi ya moto huo huo. Wanajiolojia wanasema kwamba hapo kale maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, hata volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa mpaka yakapata mlango wa kusini, na tangu hapo Kivu humwaga maji yake katika mto Ruzizi, na Ruzizi katika Tanganyika. Liko mita takriban 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hukaribia mita 480. Halina viboko wala mamba, jambo ambalo waogeleaji wa maziwa mengine ya Afrika watalionea wivu.

Mgeni aliyekuwa akifika Tchegera alilala katika hema kubwa lenye kitanda, choo na bafu. Mchana alipiga kasia katika mitumbwi midogo ndani ya ile ghuba, au aliota jua ufukweni, penye mchanga mweusi, au alikaa tu na kikombe cha kahawa ya Kivu akitazama ndege wa majini. Joto lake si lile la Unguja linalomtoa mtu jasho akiwa ameketi: mchana ni vuguvugu, na usiku mwenye hekima hachelei kuvaa sweta. Lakini fahari ya mahali hapo ni mandhari, maana hewa ikiwa safi, mtu husimama juu ya volkano iliyozimika akaziona kaskazini mwake zilizo hai, Nyiragongo na Nyamulagira, na mashariki ya hizo Mikeno na Karisimbi. Na katika nyakati ambazo moto umejaa katika vinywa vya milima, mawingu ya usiku huwa mekundu.

Magharibi ikiingia, wavuvi wa samaki aitwaye sambaza hutoka na mitumbwi yao mitatu mitatu, iliyoungamanishwa kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, nyavu zikining'inia, nao hupiga makasia kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakipokea, hata sauti ikamfikia aliye jazirani kabla ya taa zao. Sambaza mwenyewe ni mgeni wa ziwa hili: aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ni kitoweo cha maskini na tajiri, akaangwapo mpaka akakauka, akaliwa mzima na kichwa chake, kwa bugali na pilipili.

Hata hivyo, sharti mgeni aambiwe ukweli. Chini kabisa ya Kivu zimeyeyuka katika maji kilomita za ujazo takriban 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Uzito wa maji ya juu ndio unaozizuia, na mwogeleaji wa ufukweni hazimgusi, lakini yaliyotokea Kamerun katika ziwa Nyos, mwezi wa Agosti 1986, ambapo hewa ya namna hiyo iliua watu wapatao 1,700, yanatosha kumfanya mtu aheshimu maji haya. Pwani ya kuelekea Sake kuna mazuku, yaani hewa nzito isiyo na rangi inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na hata mtu. Usilale wala usichuchumae penye shimo wenyeji walipokukataza. Na chomboni vaa jaketi la kuokolea, bila ya kuona haya: tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiitazama.

Kuhusu amani, hifadhi ilisimamisha utalii Mei 2018 baada ya watalii kutekwa nyara na mlinzi wao kuuawa, ikafungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Na tangu Goma ilipotwaliwa na wapiganaji wa M23 Januari 2025, haifai mtu kufunga mizigo kabla ya kuuliza vyema. Siku hali itakapotulia, watalii wa ng'ambo watarudi wenyewe, kwa kuwa fedha wanazo. Bei ya hema kwa usiku mmoja, ihesabiwayo kwa dola, haiwezi kumudiwa na mwalimu wa Katoyi. Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya hifadhi na ya elimu, milango itakapofunguliwa, mashua za kwanza ziwachukue wanafunzi wa mitaa iliyojengwa juu ya mawe meusi, waende asubuhi na kurudi jioni, wakiwa na mwalimu wa jiografia.