Hoho Katika Nchi ya Majani Chai

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala nje hapa Minnesota, mimi huotesha mbegu za hoho ndani ya nyumba, trei nikiiweka juu ya friji kwa sababu hapo pana joto. Mwaka jana nilimtumia shangazi picha ya miche yangu. Yeye yuko Litein, kwenye miinuko ya Kericho, ambako theluji haijulikani na mvua haikosi. Akanijibu kwa sauti: "Wewe uko kwenye barafu na zako zimeota. Mimi nimemwaga mbegu mara mbili, hata moja haijachomoza. Udongo huu unaotulisha kwa chai umekosa nini?"

Haujakosa kitu. Ni kwamba chai na hoho haziivi chungu kimoja.

Zote mbili ni wageni kwetu. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920. Hoho, pamoja na ndugu yake pilipili kichaa, asili yake ni Amerika ya joto. Zilivuka bahari kwa merikebu za Wareno. Watu wa pwani walikuwa tayari na pilipili manga, basi mgeni huyu mwenye ukali akapewa jina la mwenyeji, ingawa mimea hiyo haina undugu. Chai ilipofika Kericho ilikuta baridi, mvua na udongo mwekundu wenye asidi, ikatulia. Hoho haitulii hapo bila kusaidiwa.

Tuanze na joto. Mbegu ya hoho hutaka udongo wenye nyuzijoto 25 hadi 30, na ikipata hizo huchomoza kwa wiki moja hadi mbili. Chini ya nyuzi 15 hulala tu, na ikilala kwenye unyevu huoza. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Jua la mchana lipo, lakini udongo uliolowa hauwahi kupata moto kabla mvua ya alasiri haijarudi.

Pili ni asidi. Mchai hupenda udongo wenye pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi, hoho hutaka 6 na zaidi kidogo. Halafu kuna lile gunia la mbolea ya chai lililobaki stoo, NPK 26:5:5. Naitrojeni yake ni nyingi kwa kuwa kwa mchai tunavuna majani, na kila msimu mbolea hiyo huongeza asidi. Ukiimwagia hoho utapata kichaka kinachopendeza macho na matunda ya kuhesabu.

Dawa iko kwa jirani mwenye kitalu cha chai. Siku hizi chai haioteshwi kwa mbegu bali kwa vipandikizi vya jani moja, vinavyochomekwa kwenye mifuko ya nailoni na kufunikwa kwa nailoni hadi vitoe mizizi. Azima nailoni hiyo, ila usiazime udongo wake, kwa maana umechaguliwa kwa ajili ya asidi. Chukua udongo wa nyuma ya zizi, changanya na mboji iliyooza vizuri na majivu kidogo ya meko. Mwagia maji yanayochemka kuua kuvu wanaoangusha miche michanga, kisha acha upoe. Fukia mbegu nusu sentimita, funika trei kwa nailoni, uiweke jikoni karibu na meko. Zikichomoza tu, funua na uzisogeze penye mwanga.

Mbegu yenyewe isitoke kwenye hoho ya kijani ya sokoni, kwani tunda hilo limechumwa kabla mbegu hazijakomaa. Subiri liwe jekundu. Hata hivyo, kama mzazi ni chotara, watoto hawatafanana naye.

Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, na kwenye baridi huongeza. Usiihamishie palipotoka viazi, nyanya au managu, maana hizo ni ukoo mmoja na hoho na huachiana magonjwa ardhini. Huko pia mvua ya mawe ni ya kawaida: mchai uliopigwa huchipua tena, lakini hoho iliyovunjwa shina imekwenda. Ipande chini ya upenu au paa la nailoni.

Mwaka huu picha imetoka upande wa pili. Trei iko juu ya rafu ya jikoni, kando ya vibuyu vya mursik, na miche kumi na moja imesimama. Sauti ya shangazi ikafuata: "Chai tumeilea chini ya nailoni miaka yote hii. Hoho tuliitupa nje, halafu tukalaumu udongo."